Kipanga na Ndege Saba

9 Januari

Mwanangu,

Mama yako hajambo, goti tu ndilo lenye maneno. Likipigwa na baridi linalia kama mlango, naye analijibu. Anakusalimu sana. Mimi mzima, na karakana inakwenda: vyerehani vinaletwa maiti, vinaondoka vinashona. Isipokuwa kimoja cha mwalimu wa ushonaji ambacho nimekifungua mara tatu, na kila nikikifunga inabaki skrubu moja mkononi. Msalimie mkwe wangu, daktari wa meno, na umwambie jino langu la nyuma linamtaja kila nikinywa chai.

Sasa tuingie ndani. Nimemaliza kitabu.

Usicheke. Ni kile kile cha maisha ya marehemu baba yako, kaka yangu, ambacho miaka yote mlisema sitakimaliza. Kina kurasa mia moja na arobaini na kinaitwa Kipanga, Mfalme wa Mawingu. Kuna utoto wake, mafunzo yake ya urubani, vita, na zile ndege saba za adui alizoziangusha, kila moja na sura yake. Mama yako amekipiga chapa mwenyewe na hajasema kitu, ila ameniuliza kama nina hakika na koma zangu.

Chama cha marubani wastaafu kimekubali kukizindua mwezi wa nane. Siku hiyo watatundika picha yake ukumbini, na chini yake kibao cha shaba: "Kipanga. Aliangusha ndege saba." Mwenyekiti wao anataka kitabu kiwe na dibaji ya mtu anayejua kupima ushahidi. Nikamwambia tunaye nyumbani. Wewe ni mkaguzi wa madai ya bima, kazi yako ni kujua nani amesema kweli. Nakuomba uandike ukurasa mmoja tu, kwamba umekagua na yote ni kweli. Nimekutumia mswada wote, lakini si lazima uusome.

Baba yako mdogo

2 Februari

Baba mdogo, shikamoo.

Barua na mzigo vimefika, kona moja imelowa lakini maneno yanasomeka. Sisi wazima. Mume wangu amenunua tarumbeta. Anasema mtu anayeshinda ndani ya vinywa vya watu anahitaji kitu cha kutoa pumzi. Majirani wameanza kutusalimia kwa kifupi. Mwambie mama nimeona dawa ya kuchua goti, naitafutia mtu wa kuileta.

Mswada nimeusoma. Najua ulisema si lazima, ndiyo maana niliusoma mara mbili.

Kwanza, unaandika vizuri. Pale Kipanga anapoiba asali akiwa na miaka tisa nilicheka hadi mume wangu akaacha kupuliza. Lakini nikifika vitani naanza kuwashwa. Neno "shujaa" nimelihesabu: mara sitini na tatu, mara nne katika ukurasa mmoja ambao Kipanga yuko usingizini. Adui wote ni waoga na wana pua ndefu. Hakuna rubani mwingine wa kikosi chetu anayefanya lolote isipokuwa kumshangilia. Na ile ndege ya tatu ameiangusha Jumanne tarehe kumi na nne, wakati katika sura inayofuata umeandika kwamba kuanzia tarehe kumi hadi ishirini alikuwa kitandani ana matubwitubwi, mashavu yamejaa hadi kofia ya rubani haimwingii.

Baba mdogo, wiki iliyopita nimekataa dai la bwana aliyesema gari lake liligongwa na ng'ombe aliyekuwa akienda kasi. Alileta mashahidi watatu, na wote watatu waliandika "ngombe" bila ile alama yake. Mashahidi watatu, mkono mmoja. Kitabu chako kinanikumbusha bwana yule.

Ndege saba hizi, nani aliziona zikianguka? Na ile picha ya gazeti unayoisifia, Kipanga amesimama kando ya ndege yake yenye alama saba nyeupe ubavuni: nani alizichora zile alama?

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Dawa ya goti imefika, ananuka kama duka la rangi lakini anapanda ngazi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, na nilifanya vizuri kukaa. Nilikuomba dibaji, umeniletea mashtaka.

Haya. Unataka ushahidi. Wa kwanza ni baba yako mwenyewe, aliyekuwepo. Wa pili ni kinyozi wake, mtu mzima, mwaminifu, aliyemnyoa miaka thelathini na anakumbuka ndege zote saba, kwa mpangilio, pamoja na hali ya hewa. Nimemwandikisha kwa mkono wake na nimeambatanisha. Wa tatu ni gazeti la jeshi la wakati ule, limeandikwa na kupigwa chapa: "Kipanga wetu ameangusha ndege saba." Gazeti halina undugu na sisi.

Kuhusu matubwitubwi, nitahamisha tarehe.

Kuhusu pua, naweza kuzipunguza.

Kuhusu nani alichora alama, hilo nitalijibu barua nyingine kwa sababu karatasi imekwisha.

Baba yako mdogo

11 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Mume wangu sasa anapiga wimbo mmoja, au ni nyimbo mbili kwa pamoja. Mtoto wa jirani wa juu amezaliwa salama, na tunaambiwa ndiye pekee katika jengo asiyeshtuka.

Ile karatasi iliyokwisha ninayo mbele yangu. Nusu yake ya chini ni nyeupe kabisa. Nimeigeuza, nyuma nako ni kweupe.

Tuje kwa mashahidi. Kinyozi anakumbuka vizuri, sina shaka, lakini anakumbuka alichosimuliwa kwenye kiti chake. Mtu akinisimulia ndoto yake kila mwezi kwa miaka thelathini, hata mimi nitaikumbuka pamoja na hali ya hewa. Kwa hiyo baba na kinyozi si wawili. Ni mdomo mmoja na sikio lake.

Gazeti nalo nimeliangalia kwenye maktaba ya hapa. Ukurasa huo huo limeandika kwamba adui walikimbia wameshika viatu mkononi, na kwamba askari wetu mmoja alikamata kifaru kwa mwiko. Lilikuwa gazeti la kututia moyo. Kututia moyo ni kazi nzuri, ila siyo kazi yangu.

Halafu nilimwandikia mama nikamwuliza kama baba aliacha karatasi yoyote. Akanitumia daftari lake la safari, lile ambalo kila rubani huruka nalo na kulijaza kwa mkono akishatua. Hakuniandikia neno lolote, amelifunga tu kwenye kitambaa cha jikoni. Safari hamsini na nane. Amefyatua risasi mara mbili. Ya kwanza ameandika, "Sikugonga kitu." Ya pili ameandika, "Nimegonga wingu."

Lakini kuna hizi, nakunakilia chache kama zilivyo: "Ndege mmoja, bawa la kulia." "Ndege wawili, puani, kioo hakionyeshi kitu." "Ndege mmoja tena. Manyoya hadi kwenye injini, fundi amekasirika."

Nimejumlisha zote. Wako saba.

Baba mdogo, baba hakuwahi kukosea sarufi maishani mwake, alikuwa akinirekebisha hata nikiwa nalia. Ndege ya kivita ni moja. Huyu ni mmoja. Na ndege ya kivita haina manyoya.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Mama yako hajambo.

Basi. Ni mimi niliyechora.

Unajua nilikuwa fundi wa ndege yake, mdogo wake, kikosi kimoja. Uwanja wetu ulikuwa kando ya bwawa, na bwawa lile lilikuwa na viumbe wa mabawa kuliko jeshi letu lote. Kila rubani aligonga mmoja au wawili. Kipanga alikuwa na bahati ya pekee: korongo wawili, kunguru watatu, bata mmoja, na mmoja alitawanyika hivi kwamba hata fundi mkuu alishindwa kumtambua. Marubani wengine walichora alama wakiangusha adui. Kwetu adui alikuwa hajaanguka hata mmoja, kwa hiyo mimi kila Kipanga akigonga kiumbe nilimchorea alama moja nyeupe. Tulicheka. Ulikuwa utani wa mafundi.

Siku moja akaja ofisa habari wa jeshi na kamera yake. Akaziona alama. Akaniuliza, "Huyu ameangusha ndege ngapi?"

Nikamjibu, "Saba."

Sikusema uongo. Wangekuwa watano ningelazimika kusema "watano," naye angeshtuka. Wangekuwa wanane, vivyo hivyo. Lakini saba ni saba tu, haina "wasaba." Lugha yenyewe ilinifungulia mlango nami nikapita. Akaandika, akapiga picha, akaondoka.

Sasa umeshinda, na nakuuliza na mimi, maana na wewe una la kujibu. Umeandika barua mbili ndefu, umehesabu mashujaa wangu, umepima pua za adui, na hujakuta jambo jema hata moja la baba yako isipokuwa wizi wa asali. Umekisoma kitabu kile kama dai la yule bwana wa ng'ombe. Mimi napenda kupita kiasi, nakubali. Wewe je? Mkaguzi anayefungua jalada akiwa ameshaamua, kwenu mnamwitaje?

Baba yako mdogo

25 Aprili

Baba mdogo, shikamoo.

Nimechelewa kujibu.

Kwetu anaitwa mkaguzi mbaya.

Ngoja nikuambie nisichowahi kumwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimwuliza baba, "Ulimwona uso yule wa kwanza uliyemwangusha?" Nilikuwa sina nia mbaya. Nilitaka kujua tu kama usiku anamwota. Aliweka kikombe chini, akatoka, akaenda kumwagilia bustani. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama pale na ndoo, akimwagilia maua yanayonyeshewa. Tangu siku ile nikajua ni uongo, na kila aliposimulia mbele yangu nilitoka chumbani. Kwa hiyo ndiyo, jalada lake nililifunga miaka ishirini na sita iliyopita bila kusoma ukurasa wa pili.

Nikaona niusome. Katika daftari kuna jina linalojirudia, rubani mwenzake mliyemwita Kinyongo. Kumbe anaishi mji huu huu, mtaa wa tatu kutoka kazini kwangu, anafuga sungura. Nikaenda Jumamosi.

Nilipotaja mimi ni binti wa nani, alifunga mlango. Nikabisha tena, akaufungua nusu. Akasema, "Baba yako alikuwa mwongo, mkoromaji, na mwizi wa kete. Tulikuwa tukicheza drafti, nikipiga chafya naona kete moja imepungua. Andika hayo kwanza." Nikayaandika. Akataka kuona kama nimeandika. Akaona, akanikaribisha ndani.

Halafu akanisimulia, huku akimlisha sungura, bila hata kunitazama. Kwamba ndege yake ilipigwa ikaanguka ng'ambo ya mstari wa mapigano, yeye akaruka na mwavuli, akavunjika mguu, akalala kwenye matete. Magari mawili ya adui yakawa yanakuja kumchukua. Na Kipanga, badala ya kurudi nyumbani na wenzake, alibaki juu yake. Kila magari yakisogea aliyashukia kwa kelele kama anataka kuyatulia mgongoni, yakarudi nyuma. Hakufyatua hata risasi moja. Kinyongo anasema hakufyatua kwa sababu angewagonga kunguru. Aliwazuia hivyo hadi helikopta yetu ikafika. Ndipo Kipanga akaondoka, na mafuta yakamwishia njiani, akaangukia shamba la mahindi.

Nikamwuliza kama alimshukuru. "Nimshukuru mwizi wa kete?" akasema. Lakini sungura yule alikuwa ameshiba zamani naye bado anamlisha. Baadaye akaongeza kwamba pale kwenye matete alikuwa akilia na kumwita bibi yake.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Shahidi anayempenda mtu, namsikiliza nusu. Anayesimulia la kujipamba, namsikiliza robo. Huyu hampendi baba, hapati kitu, na amejiaibisha mwenyewe ili hadithi ikamilike. Namwamini kuliko gazeti na kinyozi na wewe na mimi.

Kwa hiyo najiuliza: jambo kubwa kuliko yote maishani mwake, kwa nini halimo kitabuni? Kurasa mia na arobaini, wewe ulikuwepo uwanjani siku ile, na hakuna hata mstari.

Ukurasa wa siku ile ninao. Kwa kalamu ya wino ameandika, "Geji ya mafuta ilipigwa na risasi ya adui." Lakini chini yake, kwa penseli, kabla ya wino, imeandikwa, "Geji imekufa tangu naondoka."

Kuna swali linalofuata. Sitaliuliza.

Mwanao

6 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Wiki sita sasa. Mama anasema unakula, unalala, na umekifunga kile cherehani cha mwalimu mara ya tano. Kwa hiyo huumwi.

Kama nimekuwa mkali, nisamehe. Dibaji nitaandika namna yoyote utakayo. Tarumbeta imetupwa, kama hilo litakufurahisha. Haikutupwa kwa hiari.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na usiniombe radhi.

Swali ambalo hukuuliza jibu lake ni mimi.

Asubuhi ile Kipanga aliniambia geji ya mafuta inagandaganda, niiangalie. Jana yake alikuwa amemgonga yule bata. Mimi nilikuwa nachora alama ya saba, na kwa kuwa alikuwa bata wetu wa kwanza nikaona nimpe alama nzuri zaidi, yenye miguu. Miguu ya bata ni kazi, ina vidole vitatu na ngozi katikati. Wakaita ndege ziondoke upesi. Nikatia sahihi kwamba geji imekaguliwa. Sikuwa nimeigusa. Rangi ilikuwa bado mbichi alipopaa.

Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Nilikaa chini ya ngazi yake ya kupandia na brashi mkononi. Jua lilipoanza kuteremka nikamwona anakuja kwa miguu, ameshika kofia, nywele zimejaa majani ya mahindi. Sijawahi kumpenda mtu vile na kumwogopa vile kwa wakati mmoja.

Akaja karibu, akasema, "Geji ilipigwa na risasi. Umeelewa?"

Nikasema, "Nimeelewa."

"Sema."

"Ilipigwa na risasi."

Akaenda kunawa. Hatukulizungumza tena hadi anakufa.

Kwa kutia sahihi ya uongo vitani, mwanangu, fundi alikwenda jela ya jeshi, na wengine hawakurudi. Alinifunika. Lakini wakubwa wakawa wanataka kujua kwa nini rubani amevunja ndege nzima kwa kuzungukazunguka bila amri. Wakaanza kumwandalia kesi yeye. Ile ndege ikaburutwa uwanjani ikiwa na bawa moja. Ndipo, wiki moja baadaye, akaja yule ofisa na kamera na kuniuliza ameangusha ndege ngapi. Sasa unajua kwa nini nilijibu vile. Picha ilipigwa upande wenye bawa. Gazeti lilipotoka akawa shujaa wa taifa, na shujaa wa taifa hafunguliwi kesi. Jalada likapotea.

Nilidhani nimemlipa. Kumbe nilimtwika. Kila alikokwenda watu wakamwambia, hebu tusimulie zile saba. Angefanyaje? Akisema walikuwa korongo na kunguru, watauliza kwa nini gazeti liliandika, na kamba ile ukiivuta mwisho wake niko mimi. Akasimulia. Mwanzo kwa aibu, mwisho akazoea, nadhani mwisho aliipenda kidogo. Ila ule uongo ulikuwa wangu, yeye aliubeba tu. Hata siku ulipomwuliza wewe.

Nilipokaa kuandika nilitaka kumfanyia kitabu kikubwa kuliko vyote. Na kila nilipofika kwenye shamba la mahindi mkono ulikataa, nikaongeza sura nyingine ya ndege ya adui. Ndiyo maana ziko saba na ni nzuri vile. Nilikuwa na pa kukimbilia.

Sasa sijui niandike nini. Mwezi wa nane unakaribia na kibao cha shaba kimeshachongwa.

Baba yako mdogo

8 Julai

Baba mdogo, shikamoo.

Nilisoma barua yako ofisini na nikamwambia mkuu wangu nina mafua.

Nikarudi kwenye ukurasa ule wa penseli na kioo cha kukuzia. Pembeni kuna tarakimu nilizodhani ni hesabu za kawaida. Siyo. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Tisa. Nne. Halafu: "Nimeongeza tano." Geji ikiwa imekufa alikuwa anakokotoa mafuta kwa saa ya mkononi na kuandika, daftari likiwa juu ya goti, huku anashuka na kupanda. Ni dakika alizoweza bado kubaki juu na kufika nyumbani; zilipoisha, akabaki tano zaidi. Alijua, baba mdogo. Hakubaki juu ya Kinyongo kwa sababu geji ilimdanganya. Alibaki akijua kabisa kwamba harudi uwanjani. Geji yako nzima ingemwambia kitu kile kile, naye angefanya kile kile.

Hilo halikuondolei sahihi yako. Lakini nakuambia kama mkaguzi: usijidai kosa kubwa kuliko ulilonalo. Watu hufanya hivyo pia, na majalada yao huwa magumu kuliko ya waongo.

Kiandike upya. Viumbe saba watoshe sura moja, na uweke bata na miguu yake. Mashujaa ondoa wote sitini na tatu, hutawahitaji. Matubwitubwi yabaki. Siku ya mahindi iandike jinsi ulivyoniandikia mimi, neno kwa neno.

Dibaji yangu ni hii, fupi: "Aliyeandika kitabu hiki ni mdogo wake na alimpenda mno. Aliyekikagua ni binti yake na alimkasirikia mno. Shahidi mkuu hampendi hadi leo. Msomaji atuangalie sote watatu kwa jicho kali, kisha aamue."

Sitaweza kufika. Siku ile ile ya uzinduzi yule bwana wa ng'ombe ananipeleka mahakamani, na amempata shahidi wa nne. Lakini Kinyongo nimemkatia tiketi ya basi. Anasema anakuja kuhakikisha habari ya kete imo.

Mwanao

19 Agosti

Mwanangu,

Mama yako hajambo, na leo nitaandika hadi karatasi iishe kweli.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa amesoma kitabu kipya usiku wa kuamkia siku hiyo, alikuja macho mekundu na hakunipa mkono. Akaniuliza pembeni, "Na kibao changu cha shaba?" Nikamwambia akitundike tu, hakuna neno la uongo pale. Alifikiri kidogo, midomo ikitembea kama mtoto anayehesabu, kisha akakitundika.

Nikasimama kusoma. Walicheka kwenye bata, kinyozi kuliko wote. Baadaye nilimfuata nikidhani amekasirika. Akasema miaka thelathini alikuwa akishangaa kwa nini ndege ya nne kila mwaka inaanguka na hali ya hewa tofauti, ila mtu akiwa chini ya wembe hapingwi.

Nikafika siku ya mahindi. Nikasoma sahihi, nikasoma rangi mbichi, nikasoma "Sema." Nyuma kabisa akainuka mzee mmoja wa fimbo. "Umeandika dakika arobaini," akasema. "Zilikuwa thelathini na tano. Nilikuwa chini pale, nilizihesabu. Na kete ilikuwa nyeusi, siyo nyeupe." Akaketi. Watu wakaanza kumpigia makofi, akawakemea. Nilimwona baadaye amesimama peke yake chini ya picha. Sikumsogelea.

Lakini siyo hayo niliyotaka kukuambia.

Mama yako alikaa safu ya mbele. Yeye kitabu kipya hakukipiga chapa. Nilimpelekea mtu mwingine makusudi, nikiona haya, nikitaka asikie siku hiyo hiyo na wengine, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kumtazama jikoni kwake. Watu walipotawanyika nilikwenda nikainama mbele yake. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe. Miaka yote hii nilikuficha."

Akanitazama kama ananitafutia kitu usoni. Akasema, "Habari ya geji?"

Nikasema ndiyo.

"Aliniambia wiki tuliyooana," akasema. "Akaniambia, mdogo wangu ana jambo limemkaa kooni, tusimsemeshe, atasema mwenyewe akiwa tayari." Akajishika goti akainuka, akanisukumia mkoba wake niubebe. "Alikuwa akiniuliza kila mwaka kama umeshasema. Kila mwaka namwambia bado. Akasema basi, tumpe muda. Miaka arobaini na moja, shemeji. Ungesema angalau akiwa hai, asingekuwa anamwagilia maua kwenye mvua."

Tukatembea hadi nyumbani. Nikambebea mkoba.

Baba yako mdogo